Nyaya za Marlys

Siku Verlyn Hovland alipotamka kwa mara ya kwanza mbele ya watu kwamba nyaya za ndege yao zilifungwa na mkewe, Marlys alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, mkono mmoja umeshika chupa ya kahawa, mwingine sinia la keki ya tufaha aliyoikata vipande kumi na viwili. Maneno hayo alikuwa ameyangoja miaka saba. Yalimfika mikono ikiwa imejaa, hata pa kujishikia hakuwa napo.

Ila tukianzia hapo tutaruka mengi, na ya nyuma ndiyo yanayouma.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya viti viwili, ya bati jepesi la alumini, na waliiunda wenyewe katika gereji ya nyumba yao pale Ansgar, Minnesota, upande wa mashamba ya mahindi. Ilikuja vipande vipande ndani ya masanduku ya mbao, na miaka tisa ikapita kabla haijasimama kwa magurudumu yake. Verlyn alipiga ribiti, zile pini za kushikisha bati, kwa nje. Marlys alijilaza ndani, mkono umezama kwenye bawa hadi begani, ameshikilia pande la chuma nyuma ya kila ribiti ili ikipigwa ikae. Ribiti elfu kumi na mbili na ushee. Sikio lake la kulia halijasikia vizuri tangu hapo, na kanisani hukaa benchi za upande wa kulia ili lile zima limwelekee mchungaji.

Ilipofika zamu ya umeme, Verlyn alifungua sanduku la nyaya, akalitazama, akalifunga. Alikuwa ameuza matrekta miaka arobaini; chuma alikijua, umeme ulimtia kizunguzungu.

"Mama," akamwambia, "hili lako."

Na kweli lilikuwa lake. Kabla ya kustaafu Marlys alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha mitambo ya simu, kwenye meza ya wanawake waliokuwa wakifunga nyaya. Pale hawakutumia vibano vya plastiki. Walitumia uzi bapa uliopakwa nta, na kila baada ya upana wa vidole viwili walipiga fundo, fundo lile lile, likilala upande ule ule, hata fungu zima la nyaya likawa limenyooka kama msuko wa msichana wa kipaimara. Marlys alikaa jikoni kwake vipupwe viwili, meza imetandikwa gazeti, miwani miwili puani, moja juu ya nyingine. Kila waya aliupa namba kwenye ncha zote mbili, na kila namba akaiandika kwenye daftari la jalada la kijani: unatoka wapi, unakwenda wapi, una urefu gani, ulifungwa tarehe ngapi. Nyaya mia moja themanini na tatu.

Mkaguzi wa serikali alipokuja, fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Kwa sheria za kule, ndege ya kujiundia ina mwundaji mmoja tu anayepewa kibali cha kuisainia ukaguzi wake kila mwaka, hata kama iliundwa na ukoo mzima. Verlyn akaandika jina lake. Marlys hakununa. Yeye rubani hakuwa, na lazima mmoja angeandikwa.

Kilichomkaa rohoni kilikuwa kingine. Kila majira ya joto walikwenda kwenye maonyesho ya ndege, wakaiegesha kwenye majani pamoja na nyingine, na watu wakapita wakikagua. Wajuzi hawatazami rangi. Wanaomba ruhusa, wanapiga magoti, wanaingiza kichwa chini ya dashibodi na tochi, na mtu hukaa huko kimya kitambo, kisha anamwita mwenzake: "Hebu njoo uone hii." Walipotoka huko walimshika Verlyn mkono. "Mzee, hizi nyaya umezifunga wewe?" Na Verlyn, aliyekuwa na kofia yake ya kitambaa na tabasamu lake la kuuzia matrekta, alijibu: "Subira tu, bwana. Subira tu."

Hakusema ndiyo. Hakusema siyo. Marlys alikuwa amekaa hatua tatu nyuma yake kwenye kiti cha kukunja, akimenya yai la kuchemsha.

Mwaka wa kwanza Marlys aliona mumewe amesahau. Mwaka wa pili alimwambia wakiwa njiani kurudi: "Ungewaambia ni mimi." Verlyn akasema, "Kwani wameuliza?" Mwaka wa tatu aliacha kusema, akabaki kungoja tu, kama mtu anayengoja basi kwenye njia iliyofutwa.

Sasa, mwaka wa saba, mwezi wa Aprili, ndege ikaanza kusumbua. Injini ilikuwa haina neno. Kila Verlyn alipobonyeza kitufe cha kuongelea redioni, kioo cha vipimo kwenye dashibodi kilirukwa na akili. Joto la mafuta lililokuwa limetulia kwenye mia na themanini liliruka hadi mia nne, kipimo cha petroli kikaonyesha tangi tupu, na akiendelea kuongea kidogo tu, kioo chote kilizimika na kuanza upya kama kinaamka usingizini. Akiachia kitufe, vyote vinarudi sawasawa. Na wale aliokuwa akiongea nao walisema sauti yake inakwaruza, kama mtu anayezungumza huku anatafuna karanga.

Marlys alimwuliza mezani, "Ndege ina nini? Umerudi mapema."

"Redio inasumbua kidogo."

"Inasumbuaje?"

"Kidogo tu, mama. Mimi na Gaylen tunalishughulikia."

Gaylen Tjaden alikuwa jirani yake wa banda la pili, mtu wa sauti kubwa, aliyekuwa fundi wa mitambo ya kuvunia kabla hajastaafu. Ukimwonyesha kitu kilichoharibika, mkono wake unakuwa umeshafika kabla hujamaliza kueleza. Wa tatu wao alikuwa Milo Prochaska, mpole, muuza vyakula vya mifugo wa zamani, aliyekuja zaidi kwa ajili ya keki.

Wiki tatu walishughulika. Kwanza waliichomoa redio, wakaipeleka kwa walioitengeneza, nayo ikarudi na kikaratasi: nzima. Wakabadilisha betri, hali ikawa ile ile. Wakabadilisha fyuzi zote. Wakashuku kioo chenyewe. Kila jioni Verlyn alirudi nyumbani na sura ndefu zaidi, na kila Marlys alipouliza alijibiwa kidogo tu, kidogo tu. Alijua kwa nini haambiwi. Angeambiwa, angekuja na daftari lake la kijani, akapiga magoti mbele ya Gaylen na Milo, na hapo zile subira tu za miaka saba zingetafutiwa maelezo.

Jumanne ile ya keki alikwenda bila kualikwa. Alifika mlangoni akaona makalio ya Gaylen yametokeza kwenye mlango wa ndege, miguu inaning'inia, na sakafuni, juu ya saruji, nyuzi. Nyuzi zake. Vipande vifupi vifupi vyeupe, kila kimoja na fundo lake katikati, vimetapakaa kama kucha zilizokatwa.

"Verlyn," sauti ya Gaylen ikatoka chini ya dashibodi, "hizi nyaya nani alizisuka kama nywele za harusi? Huwezi kufuata hata mmoja. Nimekata futi nne nzima na bado sijaona mwisho. Mimi nakwambia tatizo lako liko humu. Aliyefunga hivi alikuwa anapamba, hakuwa anafunga umeme."

Milo akacheka kidogo. Verlyn alikuwa ameegemea bawa, mikono mfukoni.

"Nyaya alifunga Marlys," akasema. "Mimi sikuzigusa."

Basi. Hivyo ndivyo ilivyosemwa.

Gaylen akajitoa taratibu, akageuka, akamwona mwenyewe mlangoni na chupa yake. Hakuona haya, Gaylen si mtu wa haya. "Shemeji, umetufikia. Tulikuwa tunakusema."

"Nimesikia."

"Usichukie. Kila mtu ana fani yake. Hiyo keki, kwa mfano, hakuna wa kuibishia."

Marlys aliweka sinia juu ya meza ya spana, akaweka na kahawa. Akainama akaanza kuokota vipande vya uzi kimoja kimoja, akivitia mfukoni mwa koti.

"Acha tu, mama, nitafagia," Verlyn akasema.

"Mmekata hadi wapi?"

"Hadi kwenye fyuzi."

"Basi mwishie hapo."

Akaondoka. Kwenye gari alikaa muda bila kuwasha. Jambo lililokuwa likimzunguka kichwani halikuwa kisu cha Gaylen. Kuna watu wameumbwa kukata. Lilikuwa ile sauti ya Verlyn, ilivyotoka kwa urahisi, bila hata kukohoa. Kumbe jina lake lilikuwa pale mdomoni siku zote, limehifadhiwa vizuri, likingoja kazi yake.

Asubuhi ya pili Verlyn alikuwa na miadi ya meno mjini. Marlys alichukua ufunguo wa banda ukutani, daftari la kijani, kipimo chake cha umeme, miwani yote miwili na mto wa kupigia magoti, akaenda.

Hakuanza na kushuku. Kiwandani msimamizi wao, Bi. Ottilie, aliwafundisha kwamba mtu anayeshuku kitu kimoja huacha kuona vingine vyote. Alianza waya wa kwanza. Namba moja, kutoka betri: nzima. Namba mbili: nzima. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na chini ya dashibodi ya ndege ya viti viwili hakuna namna ya kulala ila chali, miguu juu ya kiti, kichwa kwenye kanyagio, kama mtu aliyeanguka ngazi akaamua kubaki huko. Kila baada ya nyaya kumi alijitoa, akanyoosha kiuno, akanywa maji. Saa nne hadi saa tisa. Alimaliza mia moja na ishirini. Siku iliyofuata, Verlyn alipoitwa tena kwa daktari wa meno, alirudi akamaliza zilizobaki.

Mia moja themanini na mbili zilikuwa nzima kama siku alizozifunga. Mmoja, namba sitini na nne, wa kipimo cha petroli, ulikuwa na jeraha jipya linalong'aa, pale kisu cha Gaylen kilipoteleza. Aliukata, akaweka kiungo kipya, akaubana, akauvuta kwa nguvu kuhakikisha. Kwenye daftari akaandika: 64, umekatwa na kisu, umetengenezwa, na tarehe.

Basi nyaya hazina kosa. Angeweza kwenda nyumbani na daftari lake na kulitupa mbele ya Verlyn. Lakini ndege ilikuwa bado mbovu, na yeye hakuwa mtu wa kuridhika na kuwa na haki huku kitu kinaruka na joto la uongo.

Akajiuliza lile ambalo wanaume wale watatu katika wiki tatu hawakujiuliza. Vuli iliyopita, Oktoba, ndege iliongea vizuri. Aprili haiongei. Katikati yake kimefanyika nini?

Ndani ya dashibodi, hakuna. Walikuwa wameifunika kwa blanketi tangu theluji ya kwanza. Ila mwezi wa Machi Verlyn aliona haya kwa madoa ya mafuta tumboni mwa ndege, akaamua kulipaka upya. Alipaka njano ile ile, kwa mikono yake, siku mbili, mlango wa banda wazi, na akajisifia sana. Alipomaliza alimwita Marlys aje ajitazame sura yake humo. Na tumboni pale, nyuma kidogo ya viti, ndipo ilipokuwa antena ya redio.

Marlys alikaa juu ya ule mto wa magoti akiwaza. Antena ni nusu tu ya kitu. Nusu yake nyingine ni bati la ndege lenyewe. Kitako cha antena lazima kilale juu ya chuma kitupu, chuma kwa chuma, la sivyo nguvu ya redio inakosa pa kwendea, inageuka, inarudi ndani kwa waya ule ule, na kuingia kwenye kila kipimo ilichokikuta njiani. Kila fundi wa redio analijua hilo. Verlyn pia alilijua; mwaka ule wa kwanza walilisoma pamoja kwenye kitabu cha maelekezo, akapigia mstari.

Hakutaka kubahatisha. Milo alikuwa mtu wa redio za kuzungumza na watu wa mbali, na Marlys alijua ana kikopo fulani kidogo cha chuma ambacho ukikichomeka mahali pa antena kinameza nguvu yote ya redio, hakiirushi nje wala hakiirudishi. Alimpigia simu. Milo akakileta, akamkabidhi mlangoni.

"Verlyn anajua?" akauliza.

"Anajua nini?"

Milo akatazama viatu vyake, akasema mkewe anamngoja.

Marlys akachomoa waya wa antena, akachomeka kikopo, akawasha redio, akabonyeza. Joto la mafuta likakaa pale pale. Petroli ikakaa. Akabonyeza tena, akahesabu hadi thelathini kwa sauti. Kioo kilimtazama tu. Akatoa kikopo, akarudisha antena, akabonyeza. Mia nne, tangi tupu, giza.

Akateleza chini ya tumbo la ndege juu ya kipande cha boksi, akafungua skrubu nne. Antena ilitoka kwa shida, imeng'ang'ania. Chini yake hapakuwa na chuma hata cha ukubwa wa ukucha. Rangi ya njano, nene, nzuri, inayong'aa, imejaa hadi ndani ya matundu ya skrubu. Alijiona sura yake humo, kama alivyoahidiwa.

Nusu ya pale akaipiga msasa hadi bati likaonekana jeupe. Nusu akaiacha na rangi yake. Kisha akampigia Verlyn.

Alikuja akiwa bado na ganzi ya meno upande mmoja. Akapiga magoti, akachungulia na tochi.

"Ehee," akasema.

"Umeona?"

"Nimeona. Rangi."

"Nimejaribu na kikopo cha Milo. Bila antena haina neno. Nyaya nimezipima zote. Zote, Verlyn. Uliokuwa na kosa ni mmoja, na ni Gaylen aliyeukata."

Verlyn akajitoa chini ya ndege, akapangusa magoti. "Hilo la Gaylen tusiliseme. Atajisikia vibaya."

"Atajisikia vibaya."

"Unamjua alivyo." Akatafuta maneno, mdomo wa upande mmoja ukiwa mzito. "Na wewe ungenikumbusha mwezi wa tatu. Ulikuja ukaona napaka. Ulisimama pale pale."

Marlys alikuwa anakunja msasa. Akaukunja mara mbili, mara nne, hadi haukunjiki tena. Alitaka kusema kwamba aliitwa akatazame mng'aro, hakuitwa akague. Akaona ni maneno mengi.

"Jumamosi utasimama," akasema.

"Kwenye kifungua kinywa?"

"Uwaambie. Wale wale, kwa mdomo ule ule. Useme nyaya hazikuwa na kosa."

"Nitawaambia, mama. Kwa nini nisiwaambie?"

Jumamosi za majira ya joto chama cha marubani wa Ansgar hula pamoja katika jumba la uwanjani, chapati za maji na shira na soseji, na baada ya kula ni desturi yao kwamba yeyote ambaye ndege yake ilimsumbua anasimama na kueleza kosa lilikuwa nini na nani alilifanya, kusudi mwingine asilirudie akiwa hewani. Ni desturi nzuri. Marlys alishawahi kumsikia mwanamume wa miaka themanini akisimama kusema alisahau kufunga kizibo cha mafuta, na watu wakampigia makofi kama aliyebatiza mtoto.

Siku hiyo alikuwa zamu ya jikoni, kwenye kidirisha cha kupitishia sahani. Aliacha dirisha wazi lote. Akasimama na sikio la kushoto mbele.

Verlyn akainuka, akavua kofia. Akaeleza joto lilivyoruka, kioo kilivyozimika, redio ilivyokwenda na kurudi. Alieleza vizuri, kuuza matrekta si kazi ya mabubu. Watu wakasogeza viti.

"Mwishowe tukaona ni antena," akasema. "Chini yake palikuwa na rangi. Mtu alipaka bila kukwangua, basi ikawa haigusi bati. Tumepiga msasa, sasa inaongea kama kengele. Angalieni antena zenu, jamani."

"Mtu gani?" akauliza mmoja wa meza ya nyuma.

"Ah, ni mambo ya rangi hayo. Yanatokea."

Alitaka kukaa. Hakuwa amesema neno juu ya nyaya. Na labda lingepita hivyo hivyo, na Marlys angelimeza pamoja na mengine, kama Gaylen asingegeuka kwenye kiti chake akaelekeza uma kwenye kidirisha.

"Basi shemeji, kwenye nyaya umesalimika, lakini na rangi ulikuwa wewe? Siku nyingine hiyo rangi ibaki kwenye kucha."

Jumba likacheka. Si kicheko kibaya. Kile cha watu walioshiba. Marlys hakuwatazama wao, alimtazama Verlyn. Verlyn naye alikuwa anacheka. Alitikisa kichwa huku anacheka, akaketi, akavuta sahani yake.

Marlys akaweka mwiko chini. Akatoka jikoni kwa mlango wa pembeni, akasimama kati ya meza mbili, aproni imechafuka unga.

"Rangi alipaka Verlyn," akasema. "Tarehe kumi na nne na kumi na tano Machi. Antena aliirudisha mwenyewe. Nyaya nilifunga mimi, miaka saba iliyopita, zile mlizokuwa mkizisifia kwenye maonyesho. Nimezipima zote wiki hii. Zilikuwa nzima mpaka Gaylen alipoingiza kisu akakata wa sitini na nne, ambao ni wa petroli. Verlyn angeruka nao, asingejua ana kiasi gani kwenye tangi."

Hakupaza sauti. Ndiyo maana ilifika kila pembe.

Watu wakatazama sahani zao. Mwanamume mmoja akamimina shira juu ya chapati ambayo tayari ilikuwa imelowa. Makofi hayakuwapo. Kisha mwenyekiti wa chama akakohoa, akauliza kama kahawa bado ipo, na viti vikaanza kuburutwa, na maongezi yakarudi, kwanza kwa chini, halafu kama kawaida.

Marlys alikuwa anakusanya sahani Milo alipokuja. Alisimama kando ya kiti cha Verlyn, akamgusa bega.

"Verlyn, mzee, redio yangu nayo inavuma tangu mwezi uliopita. Ungeniazima mkeo siku moja aiangalie? Alhamisi hivi."

Verlyn alikuwa anapaka siagi. Hakuinua macho. "Mchukue. Alhamisi hana kazi."

"Niulize mimi, Milo," Marlys akasema. Alikuwa karibu naye kiasi cha kumkanyaga.

Milo akacheka kwa haya. "Si ndiyo nimeuliza, shemeji."

"Umemuuliza yeye."

Milo akamtazama Verlyn amsaidie. Verlyn alikuwa na kisu cha siagi na kazi yake. Milo akakuna shingo.

"Basi Alhamisi?" akasema, na hata hapo hakueleweka anamwambia nani.

"Alhamisi sina nafasi," Marlys akajibu. Alhamisi hakuwa na kitu chochote cha kufanya, wala Ijumaa. Akabeba sahani zake kumi na nne akarudi jikoni, na akaziosha zote kwa mkono ingawa mashine ilikuwa pale.

Walirudi nyumbani saa sita mchana, jua kali juu ya mahindi ambayo bado yalikuwa chini ya goti. Verlyn aliendesha kwa mikono yote miwili. Walipopita daraja la mfereji ndipo alipopata la kusema.

"Miaka yote ile nakaa na watu wale."

"Ndiyo."

"Ungengoja tufike nyumbani, mama. Ungenisema utakavyo."

"Nyumbani nani angesikia?"

Verlyn akanyoosha mkono akawasha redio ya gari, na wakasikiliza bei za mahindi na za nguruwe, na hali ya hewa ya wilaya tisa, mmoja akitazama mbele na mwingine akitazama dirishani, hadi getini.